Chepngeno Aliyekataa Kuoa

Chepngeno wa Weldon hakuzaliwa mgonjwa, na wale wanaosema ukoo wao una mikono mibaya waende wakaoshe midomo. Alipoolewa hapa juu ya Litein alikuwa anachuma majani chai kwa mikono miwili kama mtu anayekama ng'ombe, kushoto kulia, kushoto kulia, na kikapu kinajaa mgongoni kabla umande haujakauka. Wanawake wa mstari mmoja naye walikuwa wanamwambia apunguze, asiwaaibishe. Yeye anacheka, anaongeza mwendo.

Mwaka wa pili wa ndoa, asubuhi moja aliamka akakuta vidole vimekataa kufunguka. Alivikalia, akavitia kwa maji moto, vikafunguka saa nne. Kesho yake hivyo hivyo. Huku kwetu ukiumwa na mikono utaambiwa ni umande wa chai, na mama mkwe wake, Bot Bethwel, yaani mama yake Bethwel, akampaka mafuta ya kondoo. Mwaka mzima mafuta ya kondoo. Nyumba ilinuka kondoo na vidole vikazidi kuvimba, halafu vifundo vya mikono, halafu magoti. Siku aliposhindwa kufunga kifungo cha sweta yake mwenyewe ndipo Weldon alipompeleka Kericho hospitalini.

Daktari alikuwa mama mfupi, hana maneno mengi. Alibonyeza kila kidole, akatuma damu ipimwe, akasema, "Huu si umande, na si uzee. Askari wa mwili wako wamekosea adui. Wanapiga viungo vyako wakidhani ni wageni. Hautaisha, lakini tunaweza kuutuliza."

Akampa vidonge vidogo vya manjano vya kumeza mara moja kwa wiki. Wakachagua Jumatano. Halafu daktari akaweka kalamu chini.

"Sikiliza vizuri. Dawa hii inakusaidia wewe, lakini ikikuta mtoto tumboni itamharibu. Usishike mimba ukiwa unaimeza. Siku mkitaka mtoto, mje mniambie kwanza. Tutabadilisha dawa, mngoje miezi mitatu, ndiyo mjaribu."

Ndiyo Chepngeno akaanza kudungwa sindano ya kupanga uzazi kila miezi mitatu, kwa kliniki ndogo hapo Litein. Yeye na Weldon wakakubaliana jambo hilo libaki kwao wawili. Mtu asiyejua nyumba zetu atauliza kwa nini. Weldon ni kitinda mimba. Kaka yake Bethwel alishahamia Kedowa zamani na watoto wake sita, ana boma lake. Kwa Wakipsigis kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama, na nyumba ya mama inangoja jina. Bot Bethwel angesikia kwamba bibi ya kitinda mimba amejifunga kwa sindano, angelia mpaka Chepilat wasikie. Ikaonekana ni afadhali watu waseme Mungu bado hajakumbuka. Wakasema hivyo miaka minne.

Na ukweli mwingine ni huu: Chepngeno mwenyewe alikuwa hajui kama anataka. Vidonge vya Jumatano vilimrudishia nusu ya mikono. Alichuma tena, polepole, akapika, akafua nguo nyepesi. Lakini kulikuwa na siku kikombe kinamtoka mkononi kikiwa na chai, na anapofuta sakafu anajiuliza, je, hicho kingekuwa mtoto?

Rafiki yake Amondi hakuwa na subira na mawazo ya aina hiyo. Amondi ni mtu wa ziwani, mume wake anafanya kazi kwa kiwanda cha majani, yeye mwenyewe anauza samaki sokoni Litein na ana watoto wanne. Siku moja akamsukumia kitinda mimba wake, msichana wa miezi mitano, mnene kama gunia la viazi.

"Mshike nihesabie mteja."

"Amondi, nitamwangusha."

"Kwani unamshika na vidole? Mtoto si shanga. Toa mikono, kunja hapa, haya. Mwili wake ndio utakufundisha."

Chepngeno akamkumbatia kwa mikono iliyokunjwa, amemlaza kwenye kiwiko kama mtu anayebeba kuni. Mtoto akamtazama, akamkojolea.

"Sasa amekubatiza," Amondi akasema, akaendelea kufunga samaki kwa gazeti.

Chepngeno alirudi nyumbani na sketi imelowa na hakumwambia mtu.

Sasa, wakati yeye anafikiri yake, wengine walikuwa wanafikiri yao. Shangazi ya Weldon, Senge Janeffer, ni mwanamke wa kupanga watu. Alishamwambia Weldon mara mbili aoe bibi wa pili, na Weldon akasema ameapa mbele ya madhabahu na hawezi kuapa mara mbili. Senge akaenda akakaa na Bot Bethwel, wakanywa chai birika nzima, wakapata njia. Tuna desturi ya zamani: mama aliyezeeka bila mtoto anaweza kuoa msichana. Anamlipia mahari, msichana anazaa na mtu wa ukoo aliyechaguliwa, na watoto wanaitwa wa yule mama. Nyumba inasimama. Ni desturi ya mama mzee, lakini Senge aliinyoosha kama ngozi ya ng'ombe mpaka ikamfikia mwanamke wa miaka thelathini na moja. Kanisa limemkataza Weldon kuoa, akasema. Halijamkataza Chepngeno.

Wakatuma wazee wawili Chepilat, kwa nyumba ya msichana anayeitwa Fancy. Wazee wakapokelewa, wakanywa maziwa lala ya kibuyu, wakaambiwa neno limesikika. Mwenye kuoa alikuwa bado hajaambiwa chochote.

Aliambiwa Jumatatu, akiwa ameketi nje anasugua kwa kijiti ndani ya kibuyu cha mursik, yale maziwa lala yetu. Ukisugua kibuyu lazima kifundo cha mkono kizunguke, na chake siku hiyo kilikataa. Bot Bethwel akaja akamnyang'anya kijiti.

"Wacha, utakivunja. Hiki kibuyu kilikuwa cha mama yangu." Akaanza kusugua mwenyewe. "Nimekupatia mtu wa kukusaidia."

"Msichana wa kazi? Tutamlipa na nini, Mama?"

"Zaidi ya msichana wa kazi. Utaoa."

Chepngeno alifikiri mama ameanza kuchanganyikiwa. "Nitaoa nini?"

"Mtu. Yuko Chepilat. Ana mtoto mmoja, kwa hivyo tunajua anazaa. Jumamosi anakuja na mama yake kuona boma."

"Mama, mimi nina miaka thelathini na moja."

"Na tumbo lako lina miaka mingapi?" Bot Bethwel hakuinua macho kutoka kwa kibuyu. "Sikutukani, mtoto wangu. Nimekuombea miaka minne, magoti yangu nayo yanauma. Mungu akikataa na mkono huu anakupa na ule. Watoto watakuita wewe mama. Utakaa kwa kiti, uagize."

Hapo ndipo palipomchoma. Kiti.

Jioni alimfuata Weldon zizini, akamweleza yote akiwa amesimama, maana kuinama kulikuwa kumemshinda. Weldon aliendelea kukama mpaka titi la mwisho. Ni mtu wa kufikiri na mikono.

"Nitaenda niwaambie," akasema.

"Utawaambia nini? Kwamba nilijifunga?"

"Tulijifunga. Nilikuwa nakupeleka na pikipiki, ama umesahau?"

"Na wewe unataka nini, Weldon? Usiniambie habari ya ng'ombe."

Akasimama na ndoo. "Nilioa wewe. Watoto wakikuja, wakuje. Wasipokuja, sitakufa. Chagua, mimi nitakuwa nyuma."

Watu wengine wangesema huyo ni mume mzuri, na ni kweli. Lakini Chepngeno alikasirika kuliko alivyokasirikia mama mkwe. Wote walikuwa wanamwekea mzigo mlangoni na kuondoka, mmoja kwa ukali, mwingine kwa upole.

Jumamosi Fancy akaja na mama yake. Msichana mrefu, macho hayaogopi, amevaa viatu vya kanisani ambavyo matope ya Litein yaliviharibu kabla ya kufika mlangoni. Wazee wawili walikuwepo, Senge Janeffer amevaa kitambaa kipya kichwani, Bot Bethwel amemimina maziwa. Weldon aliketi karibu na mlango. Baada ya sala Senge akaanza kusema vile nyumba bila mtoto ni moto bila kuni, akasema vizuri, maana amezoea.

Fancy alikuwa anaangalia huku na huku. Mwishowe akamwinamia Chepngeno. "Dada, mume wangu yuko wapi? Niliambiwa ni mama mzee wa mkongojo."

"Ni mimi. Mkongojo nimeuacha chumbani."

"Wewe?" Fancy akamtazama juu mpaka chini. "Si wewe ni rika langu."

"Ndiyo nashangaa pia."

Senge akakohoa ili wanyamaze. Chepngeno akasimama. Alisimama vibaya, akishika meza, goti moja likikataa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia kwa vile alivyokunja uso.

"Wazee wangu, Senge, Mama. Mwanamke anaoa kama tumbo lake limefungwa. Hiyo ndiyo desturi, ama nimekosea?"

Mzee mmoja akasema hajakosea.

"Basi mimi siwezi kuoa. Tumbo langu halijafungwa na Mungu. Nimelifunga mimi."

Akatoa kadi ya kliniki kifuani akaiweka juu ya meza katikati ya vikombe. Tarehe zimepangwa chini kwa chini, muhuri juu ya muhuri, miaka minne. Senge Janeffer akavaa miwani. Chepngeno akawaeleza dawa ya Jumatano, na mtoto ambaye angeharibika, na daktari alivyosema. Hakutafuta maneno laini. Weldon naye akanena kutoka mlangoni, "Tulikuwa wawili," basi, hakuongeza.

Bot Bethwel aliweka kibuyu chini. "Miaka minne nimekuwa nikilia kanisani mbele ya watu. Na wewe unaketi pembeni yangu na kadi kifuani."

"Nilikosea kukuficha, Mama. Hilo nakubali. Kujifunga sikukosea."

"Basi zaa. Kama liko wazi, zaa tuone."

"Nitazaa nikitaka, na nisipotaka sitazaa. Lakini sitakalishwa kwa kiti nikingoja mwingine anizalie kama mtu aliyekufa."

Mama yake Fancy alishachukua mkoba wake. Fancy mwenyewe hakuondoka haraka. Alimaliza maziwa yake. Pale mlangoni akamwambia Chepngeno, "Mimi nilikuwa natafutia mtoto wangu boma. Sikukuja kukutoa kwako."

"Najua. Hukunikosea."

"Lakini ungekuwa mume mkali sana," Fancy akasema, na wote wawili wakacheka, jambo ambalo Senge hajasahau mpaka leo.

Sasa neno lilikuwa nje, na neno likitoka mdomoni lina miguu. Wiki hiyo hiyo Chepngeno akaenda Kericho akamwambia daktari, "Nataka kujaribu."

Daktari akamweleza tena bila kumbembeleza. Aache vidonge vya Jumatano. Atapewa vingine vinavyoruhusiwa hata kwa mama mjamzito, ila nguvu yake ni ndogo. Adungwe sindano mara moja ya mwisho, ili ile miezi mitatu ipite mwili ukiwa safi. Akaongeza kwamba wanawake wengi wanapata nafuu wakiwa na mimba, halafu ugonjwa unarudi mtoto akishazaliwa, wakati mikono inahitajika zaidi.

"Wengi, si wote," daktari akasema. "Sikuahidi kitu."

"Na yeye ataupata? Mtoto?"

"Anaweza. Wengi hawapati."

"Ukinizuia nitajua unaniogopea. Unanizuia?"

"Sikuzuii. Nakuambia ukweli ndiyo ukichagua uchague ukiwa umefungua macho."

Akadungwa ile ya mwisho, akaacha vidonge vya Jumatano. Mwezi wa kwanza haukuwa mbaya. Mwezi wa pili mvua na ukungu wa huku juu vikashuka pamoja, na mwili ukakumbuka kila kitu. Akarudi kule kwa vidole visivyofunguka mpaka saa tano. Weldon alimvisha nguo, akamchania nywele vibaya. Akasugua vibuyu pia, mwanamume mzima, ameketi nje ya nyumba mahali kila mtu anapita na pikipiki.

"Weldon, umeolewa?" wakampigia kelele.

"Nimeolewa vizuri," akajibu, akaendelea kusugua.

Bot Bethwel aliingia ndani kwa aibu, hakutoka siku hiyo. Wamama wa kanisa wakaja kuombea mgonjwa. Chepngeno akawasikiliza wimbo wa kwanza, halafu akawaambia, "Majani yangu yanazeeka shambani. Mnaweza kuomba mkichuma?" Wakatazamana. Wakachuma, na waliomba pia, kwa sauti, mstari hadi mstari.

Lakini Bot Bethwel ndiye aliyemshangaza. Ulikuwa mchana wa Jumatano, akamkuta mkwe wake anajaribu kushika kijiko kwa ngumi, kama mtoto mdogo. Akaketi karibu, akachukua kijiko, akamlisha uji. Kikombe kilipofika nusu akasema, "Meza dawa yako ya zamani."

"Nini?"

"Hiyo ya manjano. Meza. Nimekusamehe hayo ya mtoto. Nilisema zaa, nimerudisha neno. Sitaki kuzika mkwe nipate mjukuu."

"Mama, ulinitafutia bibi ndiyo nizae. Sasa unanilisha uji ndiyo nisizae."

"Basi mtu haruhusiwi kubadilika? Wewe tu ndiye mwenye kichwa?"

Hata Weldon siku hiyo alisema, kwa upole, labda mama ana haki. Wakamwacha na mkebe wa vidonge mezani.

Nasema ukweli, aliufungua. Kidonge kimoja kikamwagikia kiganjani, cha manjano, kidogo kama mbegu ya sukumawiki. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Uchungu ulikuwa mkononi, begani, hata taya ilikuwa inauma akitafuna. Na hapo akajiuliza swali ambalo hakuwa amejiuliza siku ile mbele ya wazee: mimi nataka mtoto, ama nataka kuwashinda? Maana alijijua. Anaweza kuvumilia jambo mwaka mzima kwa sababu tu mtu alimwambia hataliweza. Na mtoto hafai kuzaliwa kwa ubishi.

Basi akafanya hivi. Akawaondoa mmoja mmoja kichwani. Akamwondoa Senge na miwani yake, Bot Bethwel na nyumba inayongoja jina, kanisa, wapita njia, hata Weldon. Akabaki peke yake kwa boma tupu, hakuna wa kumsifu na hakuna wa kumcheka. Akauliza tena. Akangoja jibu muda mrefu, uji ukapoa ukafanya ngozi. Jibu lilikuwa lile lile. Anataka. Anataka mtu wa kumkojolea sketi, wa kumlilia usiku, wa kumwita kwa sauti kutoka mstari wa mwisho wa chai. Na kama mikono haitambeba, kiwiko kitambeba, na kiwiko kikishindwa kuna mgongo, na watamfunga mgongoni kwa leso, hata kama ni Weldon atakayefunga fundo.

Akarudisha kidonge kwenye mkebe. Hakukitupa, yeye si mjinga. Atakihitaji siku moja, baada.

Weldon aliporudi akaona mkebe umefungwa. "Umemeza?"

"Hapana. Na msiniulize tena Jumatano. Mkiona nimenyamaza nimenyamaza, mkiona nalia mniletee maji moto. Lakini msiniulize."

Hawakumuuliza tena. Mwezi wa tatu ulikuwa mrefu kuliko ile miwili pamoja. Bot Bethwel alikuwa anamlisha uji na kunung'unika, ananung'unika na kumlisha, na siku moja Senge Janeffer alipokuja kuuliza hiyo hadithi imefika wapi, Bot Bethwel alimwambia kwamba mkwe wake amelala na wageni warudi wiki ijayo. Chepngeno alikuwa ameketi nyuma ya mlango, macho wazi.

Tarehe ya kadi ikafika. Weldon akampeleka Litein na pikipiki polepole, akikwepa kila shimo, mpaka boda boda wengine wakawa wanawapita wakicheka. Chepngeno akamwambia angoje barabarani, ataingia mwenyewe.

Nesi Dorcus alikuwa anamjua. Aliisoma kadi, akafungua chupa ndogo, akavuta dawa kwa sindano, akachukua pamba. "Mkono gani leo?"

"Hakuna. Leo sikuja kudungwa."

"Umekuja kufanya nini basi, na hiyo foleni ndefu?"

"Nimekuja uandike. Andika nimeacha."

Dorcus akatazama vidole vilivyokuwa juu ya meza, vimevimba, vimepinda kidogo kuelekea nje. Akaweka sindano chini. "Chepngeno. Na hii mikono?"

"Mikono ni yangu. Daktari wa Kericho anajua, barua yake iko ndani ya kadi. Andika."

"Nikuambie ukweli, hii sindano ikiachwa mwili unaweza kukaa hata mwaka mzima kabla ya kushika mimba. Utangoja na uchungu huo wote?"

"Umeshawahi kupanda chai?"

"Hapana."

"Ungepanda hungeniuliza."

Dorcus akatikisa kichwa, akaisoma barua mpaka chini, akachukua kalamu. Chepngeno hakuondoa macho mpaka alipoona wino umefika mwisho wa mstari.

"Nikupe tarehe gani ya kurudi?"

"Usinipe. Nitarudi nikiwa na sababu, na utaniona kabla sijafika mlangoni."

Akachukua kadi kwa viganja viwili, akaiweka kifuani. Wamama wa foleni wakaanza kusimama ili wampe njia, mmoja akanyoosha mkono wa kumshika. Akawaambia wakae, wasipoteze nafasi zao. Akashuka ngazi za kliniki moja moja, goti likilalamika kila ngazi, hakushika ukuta.